Mdudu Aliyetoka Mbari

"Na huyu, ametoka mbari?"

Mukami aliuliza akiwa kizingitini, na kikombe alichokuja nacho kuazima chumvi kikining'inia kidoleni, kimesahaulika. Alikusudia kuuliza kama mdudu yule ametoka mbali. Jirani huyu alizaliwa upande wa Endebess akaolewa hapa Myanga, na huko kote ndimi za watu huzichukulia herufi hizo mbili kama mapacha: ukimwita mmoja, huitika yeyote aliye karibu. Hakuna anayecheka, maana kila mtu huelewa. Ila Nasambu alifundishwa Kiswahili na mwalimu mkali aliyewasimamisha uani na kuwaimbisha, "Mbali ni mwendo, mbari ni ukoo," mpaka midomo ikawapasuka kwa upepo. Masomo yake yaliishia shule ya msingi, karo ilipokata kamba, lakini wimbo ule haukukatika. Kila aliposikia mtu akikosea, moyo wake ulisahihisha kimyakimya, kama mama anayemfunga mwanawe kifungo cha shati huku akiendelea kuzungumza na wageni.

"Ametoka mbali," alijibu. "Wa namna hii sijapata kumwona hapa kwetu."

Mdudu alikuwa ametua juu ya mkono wa kiti. Urefu wake ulikuwa wa kidole cha kati cha mwanamume, rangi yake ya gome la mti lililopigwa vumbi. Kichwani alikuwa na pembe mbili nyembamba zenye vipingili, ndefu kuliko mwili wake mwenyewe, zimepinda kurudi nyuma kama za fahali wa mahari. Meno yake yalikaa kama koleo. Hakukimbia wala hakutikisika. Alitulia pale kama mwenye nyumba anayesubiri chai.

"Hebu mguse," Mukami alisema.

"Mguse wewe."

"Mimi nimekuja na kikombe, Mama Tonny. Sikuja na bima."

Nasambu alichukua kitambaa cha meza, akamfunika, akambana taratibu. Ndani ya kitambaa mdudu akatoa sauti nyembamba ya kukwaruza, kama bawaba isiyotiwa mafuta. Mukami akarudi nyuma mpaka uani.

"Anaria," alisema kutoka huko. "Mungu wangu, huyu anaria kama mtu."

Nasambu alimtia katika mkebe mtupu wa siagi, akatoboa kifuniko kwa msumari, akauweka mkebe kando ya Biblia. Kisha akamjazia Mukami chumvi yake. Lakini jioni hiyo hiyo kijiji kizima kilikuwa kimeshajua kwamba kwa mjane wa Absalom kumetokea mdudu mwenye pembe anayelia kama mtu.

Kiti kile kililetwa na Tonny, mwanawe wa pekee wa kiume, wiki chache baada ya mazishi ya baba yake. Alikibeba nyuma ya pikipiki mpya, kimefungwa kwa mipira, akakishusha mbele ya wanawake wa kanisa waliokuja kumfariji mama. Kilikuwa kiti cha mikono, kipana, kimepakwa vanishi nyeusi iliyong'aa hata uso wako ukauona. Wanawake walikipapasa kama wanavyopapasa kitambaa cha bei. "Mbao ya Kongo, mama," Tonny alisema. "Imetoka mbali." Akaitamka sawasawa. Huyu hakuwahi kukosea herufi hizo, kwa kuwa alilelewa na mama aliyezisahihisha tangu meno ya utotoni.

Tangu siku hiyo, kila alfajiri Nasambu alipiga magoti mbele ya kiti hicho, akaegemeza viwiko juu ya mto wake, na kuomba. Aliomba mambo mengi, lakini moja halikukosa: kwamba Bwana awafichue watu waliokata mti wa mpakani. Na kwa miezi mingi sasa, katika utulivu wa saa ile, alikuwa akisikia kitu kikitafuna. Krr. Krr. Kisha kimya. Mwanzoni alidhani ni panya darini. Baadaye, kwa kuwa sauti ilianza kila alipofika kwenye ombi la mti, alidhani ni shetani anayemvuruga, naye akaomba kwa nguvu zaidi, akikisukuma kiti kwa viwiko. Haikumpitia akilini hata mara moja kuinama na kutega sikio kwenye mbao.

*

Wakoli alifika kesho yake, kabla umande haujakauka. Alikuwa mdogo wa marehemu Absalom, na mashamba yao yalipakana. Alivua kofia, akaketi bila kukaribishwa, akautazama mkebe kwa muda mrefu kama anayesoma barua.

"Mulamwa," alisema, kwa jina ambalo watu wa huko huitana mashemeji, "huyo usimfungie. Unamfungia mtu."

"Mtu gani, shemeji?"

"Mwenye kiti."

"Mwenye kiti ni mimi."

"Mwenye nyumba, basi." Wakoli aliivuta sauti chini, ikawa ya kilioni. "Ndugu yangu alikuwa mtu wa kimya. Hata kufa alikufa kimya. Sasa amekosa usingizi. Wewe ungelala vizuri kwenye kitanda cha mtu mwingine? Tulimlaza upande wangu, kwa sababu ulilazimisha. Amekuja kukuambia uache huo mpaka. Wazee wakija Jumamosi wakukute umenyamaza, naye apumzike."

"Absalom alibatizwa," Nasambu alisema. "Waliolala katika Bwana hawarudi na pembe."

"Pembe ziko hata kwa Biblia. Soma Ufunuo."

"Nimesoma. Zile ni za mnyama, shemeji, si za mtakatifu."

Wakoli alicheka kidogo kwa pua. Alipoinuka aligusa mkono wa kiti, akaupapasa kwa kidole gumba, polepole, kama mtu anayejaribu makali ya panga. "Kiti kizuri," alisema. "Basi kama mimi ni mwongo, si una mwanamume wa boma? Jumamosi muulize Tonny mti ulisimama wapi. Neno lake mimi nitalikubali." Akavaa kofia yake, akaenda zake huku bado tabasamu limemkaa mashavuni.

Nasambu alikuwa mtu wa kutazama. Miaka ya ndoa na mume asiyesema sana ilimfundisha kusoma migongo na mikono ya watu. Aliutazama mgongo wa Wakoli ukipita katikati ya mahindi, akajiuliza kwa nini mtu anayegombania ardhi amkabidhi adui yake shahidi, tena kwa furaha.

Maana shamba lote lilining'inia kwenye neno la Tonny. Baba mkwe alipowagawia wanawe ardhi hakuweka mawe. Aliwaonyesha mti mmoja wa mukumari, mkubwa, wa maua meupe yaliyopendwa na nyuki, akasema: huku Absalom, kule Wakoli. Ulikuwa mpaka usiohitaji karatasi. Kisha Absalom akaugua, na Nasambu akakaa naye katika hospitali moja ya Kitale mpaka alipomrudisha katika sanduku. Siku ya kurudi, kabla hata ya kuiona nyumba, aliliona pengo. Pale ambapo macho yalizoea kukuta kivuli yalikuta mbingu tupu. Wakoli alisema waliokuja ni watu wa mbali, wenye lori na msumeno wa mashine, siku ya soko, wakati hapakuwa na mtu. Tonny alisema siku hiyo alikuwa Bungoma mjini kwa rafiki. Nasambu aliamuru mumewe azikwe hatua chache kutoka kwenye kisiki, upande wake, ili kaburi lishike nafasi ya mti. Mvua zilipofika kisiki nacho kilikuwa kimeng'olewa, shimo limefukiwa, na Wakoli amepanda mstari wa mikonge ndani kabisa ya shamba la Nasambu, akisema ndipo mti ulipokuwa daima. Kwa mstari huo, kaburi lilibaki ng'ambo. Mjane angemzuru mumewe kwa hisani ya shemeji, na siku shemeji akiamua kulima, angelima.

Wazee walishasema wazi kwamba mke ni wa kuja na binti ni wa kwenda. Mpaka huelezwa na mwana. Na mwana, kila alipoulizwa, alikuna kichwa na kusema hakumbuki vizuri.

Nasambu aliutia mkebe katika kikapu, akaufunika kwa leso, akasafiri kwenda Kitale.

*

Binti yake Viola alikuwa akiuza mbegu na dawa za mifugo katika duka moja karibu na soko la mahindi. Alikuwa na stashahada ya kilimo na ulimi usio na subira. Ulikuwa msimu wa kupanda. Wakulima walijipanga mpaka barabarani, tuktuk zikiwapigia honi wahamishe mifuko yao. Viola alimketisha mama yake nyuma, katikati ya magunia yaliyonuka dawa, akamletea chai, akafungua mkebe.

Hakushtuka. Alimshika mdudu mgongoni kwa vidole viwili, akamgeuza tumbo juu, mdudu akakwaruza sauti yake ile.

"Baba mdogo anasema ni baba yenu," Nasambu alisema.

"Baba yetu alikuwa na sura nzuri kuliko hii." Viola alimsogeza kwenye mwanga wa dirisha. "Huyu ni mtoboa miti, mama. Ulimpata wapi?"

"Juu ya kiti alichonunua Tonny. Mbao ya Kongo."

Mteja alimwita Viola kutoka mbele, naye akapaza sauti kwamba asubiri, mahindi hayaoti leo.

"Sikiliza," alisema. "Hawa hawaingii kwenye mbao kavu. Wale wadogo wanaotoa unga kwenye vitanda, hao ndio wa mbao kavu. Huyu mama yake hutaga kwenye gome la mti uliosimama, wenye maji. Mtoto anaanguliwa humo, anakula humo, hajui kama kuna nje. Ukiuangusha mti yeye akiwa ndani, na msumeno ukamkosa, anaendelea kula tu. Ubao ukikauka chakula kinakuwa duni, basi anachelewa kukua. Anaweza kukaa mwaka, miwili, mitatu. Siku yake ikifika anatoboa na kutoka."

"Kwa hiyo alikuwa ndani ya kiti siku zote."

"Siku zote."

"Nami nikiomba juu yake."

"Ulikuwa ukiomba wapi?" Viola aliuliza, lakini hakusisitiza. Alimrudisha mdudu katika mkebe, akakaa akiupiga kifuniko kwa ukucha. Alipozungumza tena sauti yake ilikuwa imepungua ukali.

"Mimi huyu nilimjua kabla sijamsomea, mama. Hata wewe unamjua. Hukumbuki unga uliokuwa ukimwagika kwenye shina la mukumari? Hukumbuki baba na ile spoki?"

Nasambu alikumbuka. Ilimjia yote pamoja, kama mlango uliofunguliwa na upepo: Absalom amechutama chini ya mti, shati limelowa mgongoni, mkononi ana spoki ya baiskeli aliyoinoa kwenye jiwe, akiichomeka katika matundu ya gome na kuizungusha mpaka isikike ikimpata aliyemo. Alitoa funza weupe, wanene, laini kama vidole vya mtoto mchanga, na kuku wakawagombania. Siku moja spoki ilimkatikia ndani. Alijaribu kuichokonoa, ikagoma. Akaupiga mti kofi, akasema, "Kaa nayo basi," na baada ya misimu michache gome likafunga, mti ukaimeza.

"Lakini wale walikuwa weupe," Nasambu alisema. "Hawakuwa na pembe. Hawakufanana na huyu hata kidogo."

"Wale walikuwa watoto, mama. Baba hakuwaacha wakue. Wewe ulimjua akiwa mtoto, ndiyo maana leo amekupotea. Mtu mzima wake hafanani na mtoto wake."

Maneno yalikuwa ya mdudu. Viola aliyasema kama anavyowaambia wakulima kila siku, akiwa tayari anaangalia saa. Lakini yalipotua, wote wawili waliyasikia yalipotua. Mbele ya duka mtu alikuwa akibishana juu ya chenji.

"Miti yenye wadudu hawa ni mingi," binti alisema haraka. "Hata huko Kongo wapo. Huwezi kujua."

"Naam."

"Mama, ile methali, kikulacho..."

"Naijua," Nasambu alisema. "Usiimalize."

Akanywa chai yake yote, kwa kuwa hakupenda kumwaga chakula, akamwombea binti yake baraka kwa mkono juu ya kichwa, akafunika mkebe kwa leso. Hakusema tena habari ya kiti, wala Viola hakuuliza atafanya nini. Kuna hatua ambazo mtu huzipima peke yake.

*

Ijumaa mchana, Mukami alipokwenda sokoni, Nasambu alikitoa kiti uani. Alikipindua miguu juu, kwenye jua.

Uso wa kiti ulikuwa mweusi, unang'aa, wa Kongo. Lakini chini fundi hakupoteza vanishi yake. Huko mbao ilikuwa uchi, ya hudhurungi inayoelekea wekundu, yenye mistari aliyoifahamu kama anavyofahamu mikunjo ya mkono wake. Katika mkono wa kulia, upande wa ndani, palikuwa na tundu la mviringo safi ambalo kalamu ingepita. Humo ndimo mdudu alimotokea. Nasambu alipitisha kidole ndani, akalihisi handaki likipinda na kuingia kwenye giza la ubao. Basi ni kweli, kulikuwa na mwenyeji humo.

Angeweza kuishia hapo. Viola alimwachia mlango: miti yenye wadudu ni mingi, huwezi kujua. Alikaa juu ya kigoda akautazama mlango huo, na kwa kitambo alitamani sana kuupita. Mwanamke anaweza kuzeeka vizuri tu juu ya kiti asichokichunguza.

Kisha akapiga magoti, kwa namna ile ile aliyopiga kila alfajiri, na kuanza kuupapasa ubao wa chini ya kikalio kwa ncha za vidole. Kidole kilikwama kwenye kitu kidogo cha baridi. Doa la kutu. Alichukua koleo la marehemu lililobaki katika sanduku la zana, akalibana doa, akavuta. Ubao ulilia. Kikatoka kipande cha waya mnene kisichozidi urefu wa kibiriti. Ncha moja ilikuwa imekatwa na meno ya msumeno wa mashine. Nyingine ilikuwa imenolewa kwenye jiwe.

Hakulia. Machozi yalikuwepo, aliyahisi yakikusanyika, lakini kilichotangulia kilikuwa kitu kikavu zaidi. Aliwaza juu ya maombi yake. Asubuhi ngapi alimsihi Mungu awatoe wezi kule walikojificha, huko mbali, wawe Uganda, wawe Kongo, huku viwiko vyake vimeegemea wizi wenyewe. Na kila alipotaja mti, mti ulimjibu. Alikuwa amemkemea Mungu akidhani ni shetani. Wazo hilo lilimtia uchungu mdomoni, uchungu hasa, kama aliyetafuna mwarobaini. Hakuwa na hakika kama anayestahili kuombwa msamaha ni yeye au ni Yeye aliyenyamaza na kumwacha aendelee kukisukuma.

Na ile pikipiki mpya aliyoambiwa ni ya mkopo wa vijana. Na kidole gumba cha Wakoli juu ya mkono wa kiti. Vyote vilijipanga vyenyewe, kimoja nyuma ya kingine, bila kusukumwa.

Alfajiri ya Jumamosi aliomba juu ya sakafu tupu. Ombi lake lilikuwa fupi, wala halikumtaja mwizi.

*

Wazee walifika asubuhi pamoja na naibu chifu, wakaketi kwenye mabenchi ya kanisa karibu na lango. Wakoli alikuwa amekwisha kufika, akiwachekesha. Tonny aliingia kwa pikipiki kutoka mjini, akaiegesha pale pale kando ya mabenchi, akawaamkia wakubwa mmoja mmoja kwa mikono miwili, kisha akaja ndani kunywa chai.

"Mulembe, mama."

"Mulembe, mwanangu."

Aliketi kwenye kiti. Kilikuwa kimerudishwa mahali pake, mto juu yake. Mbele yake, mezani, palikuwa na kikombe, sahani ya viazi vitamu, na mkebe.

"Ndiye huyu?" Tonny aliinua kifuniko, akatabasamu. "Si baba mdogo amenipigia ati mzee amerudi. Nikamwambia wacha mchezo, mzee hangerudi bila kofia."

"Wewe unamwonaje?"

"Mdudu tu. Hapa watu hawana kazi, bana." Alimchokoza kwa kijiti, mdudu aliinua pembe moja, akaishusha. "Amechoka. Ametoka wapi lakini?"

"Mukami aliniuliza hivyo hivyo," Nasambu alisema. Alikuwa amesimama kando ya dirisha, mikono imefumbatwa ndani ya leso. "Unajua anavyosema. Aliniuliza, 'Ametoka mbari?' Nikamsahihisha moyoni. Nikasema ametoka mbali."

Tonny alicheka. "Bado unasahihisha watu."

"Naona sasa mimi ndiye niliyekosea."

Akafungua leso, akaweka kipande cha spoki juu ya meza, kati ya kikombe na mkebe. Kilikuwa kidogo sana. Mgeni angedhani ni takataka iliyookotwa chini.

Tonny alikitazama. Aliendelea kutafuna kiazi kilichokuwa kinywani, polepole zaidi, polepole zaidi, mpaka akaacha bila kumeza. Mkono wake ulishuka kutoka kwenye mkono wa kiti, ukakaa gotini. Nje Wakoli alikuwa akimalizia kisa, na wazee wakaangua kicheko.

"Nilitaka ubaki na kitu chake," alisema hatimaye.

"Nilibaki nacho."

"Baba mdogo alisema mzee hataamka. Alisema mti ni mzee, utaangukia nyumba, mnunuzi tayari yupo. Mimi nilitaka tu... Habari ya mpaka sikuijua, mama. Naapa. Kisiki aling'oa yeye. Nilipomwuliza akasema nikifungua mdomo wangu, na yeye atafungua wake."

"Angemwambia nani?"

"Wewe."

"Basi nimejua." Nasambu aliisikia sauti yake mwenyewe ikiwa tulivu, akaishangaa. "Kamba aliyokufunga nayo ilikuwa ni mimi. Imekatika. Kuanzia sasa ukinyamaza hutakuwa umenyamaza kwa sababu yake."

Tonny aliinua uso. Nasambu aliutafuta ndani yake mtoto aliyemjua, yule laini aliyelala mgongoni mwake katika safari zote za kanisani, na kwa mara ya kwanza hakuharakisha kumwona. Aliona mwanamume mwenye taya za Wabwile, ukoo wa mumewe, mwenye macho ya Absalom, anayepiga hesabu. Alijua kila anachokipima: aibu mbele ya wazee, jina litakalomfuata mpaka mjini, baba yake mdogo, pikipiki. Alijua pia kwamba moyo wake ungali unampenda, na jambo hilo halikumfariji; lilikuwa mzigo juu ya mzigo.

"Utawaambia?" Tonny aliuliza.

"Mimi ni wa kuja. Neno langu huko nje ni la mwanamke aliyeolewa hapa. Lako ni la aliyezaliwa hapa."

"Mama."

"Baba yako amelala pale. Unajua ni hatua ngapi kutoka kwenye mti, maana ulikuwapo ulipoanguka."

Katika mkebe mdudu alikuwa akikwaruza plastiki, bila bidii, kama aliyekwisha kujua kwamba huo si ubao. Kutoka langoni naibu chifu aliita, kwa sauti ya mtu mwenye maboma mengine matatu ya kuzuru siku hiyo, kwamba mwenye nyumba ajitokeze, jua linapanda.

Tonny alimeza. Aliinuka, akageuka, akakiweka sawa kile kiti kwa mikono miwili, taratibu, kama mtu anayerudisha cha kuazima. Alisimama hapo akimpa mama yake mgongo, na Nasambu, aliyesoma migongo miaka yote hiyo, hakuweza kuusoma huu. Lango lilikuwa moja. Wazee walikuwa upande huo, na pikipiki ilikuwa upande huo huo.

Akanyoosha mkono, akaichukua spoki mezani, akaifumbata, akainama kupita mlangoni, akatoka.